Konokono Waliopakwa Rangi ya Kucha

Aprili 11, 1990. Jumatano, bamvua

Konokono wamo kwenye beseni langu la kuogea. Si mmoja wala wawili, ni ndoo nzima, na mpangaji wangu Averil amenikataza kufungua maji ya moto. Nimeishi Trelannow miaka sitini na moja sijawahi kukatazwa kuoga na binadamu, sembuse na konokono. Nimenawa uso kwenye sinki la jikoni kama mgeni asiyetakiwa.

Averil ni binti wa kaskazini aliyetumwa na maabara. Ni mwembamba, hasemi mengi, na mkate wa zafarani anaumaliza peke yake. Hii ni mara yake ya pili kukaa kwangu. Mara ya kwanza ilikuwa miaka minne iliyopita, alipokuja kutueleza kwa nini chaza wetu wameacha kuzaa.

Mto Lannow una sheria ya zamani: juu ya vitanda vya chaza hakuna injini, ni tanga au kasia tu. Kwa hiyo kwetu sisi mashua nzito ni mkosi. Ikiota mwani chini haiendi, na isipokwenda huwezi kukokota wavu wa chaza. Ilipotoka ile rangi ya sumu, ile yenye madini ya bati, tuliipokea kwa shangwe. Ukipaka mara moja, tumbo la mashua linakaa safi kama sahani mwaka mzima. Majira ya baridi tulikokota chaza mbio mbio, kiangazi mashua zile zile zikashinda mashindano kila mahali. Kisha chaza wachanga wakaadimika, wakaisha kabisa.

Averil alituonyesha konokono wa mwamba, majike walioota uume. Baa nzima ilivunjika mbavu. Hedley, mdogo wangu, aliuliza kama dawa hiyo inauzwa kwa chupa. Kicheko kilikatika alipotuambia kwamba uume ule huziba njia ya mayai mpaka jike anakufa nayo tumboni, kwamba kinachowageuza ni rangi yetu, na kwamba rangi hiyo hiyo ndiyo inayoua watoto wa chaza. Sisi tulikuwa tumejiandaa kuwalaumu matajiri na mashua zao za starehe. Yeye akasema mahali pabaya kuliko pote ni mwamba ulio chini ya mteremko wetu wenyewe, tunapopandisha mashua kuzikwangua na kuzipaka.

Tuliapa kanisani, wenye mashua wote, kwamba hatupaki tena rangi yoyote ya kuzuia mwani. Mwaka uliofuata serikali nayo ikaipiga marufuku. Tangu hapo kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, tunaegesha mashua ukingoni, maji yakipwa tunazisugua kwa fagio, kama babu zetu. Na kila kiangazi watu wa ng'ambo ya ghuba, wenye rangi yao mpya inayoruhusiwa, wanatupita wakitupungia mikono.

Huu ndio mwaka wa mwisho wa kungoja. Kamati ya Mto imesema kwamba Septemba kusipoonekana chaza wachanga, vitanda vitafungwa. Vikifungwa, mashua yetu Keziah itabidi tumuuze. Tayari kuna bwana wa London anayetaka kumtia injini na jiko. Keziah anatimiza miaka mia mwaka huu. Alijengwa na babu yangu, na mume wangu alifia ndani yake akiwa ameshika kana ya usukani, kwa moyo tu, siku nzuri isiyo na upepo.

Basi hawa wa kwenye beseni wametoka rasi ya nje, kwenye maji safi. Averil anawapaka alama ili awatambue. Rangi ya kucha ni yangu, nyekundu, sijaipaka tangu harusi ya binti yangu. Nusu wataenda kwenye mwamba ulio chini ya mteremko wetu, karibu na anapolala Keziah. Nusu wataenda kwenye mwamba wa Digory Bolitho, mwenye mashua mwenzetu, kule juu mto unapopinda. Nikamuuliza kwa nini konokono, kwa nini asipime maji tu. Akasema maji yanapita, konokono hapiti. Hana watoto wa kuelea. Anataga juu ya jiwe lake, na mtoto anatambaa papo hapo. Mto ukiwa mchafu yeye ndiye wa kwanza kuumia, na ukitakata yeye ndiye wa kwanza kuusema.

Aprili 12

Tumewaweka. Hedley alikuja kutazama, akasema mtoto wa Trelannow hufundishwa kumponda huyu mdudu kwa kisigino kabla ya kufundishwa sala, na sasa dada yake anampaka rangi ya kucha. Ni kweli tulifundishwa hivyo. Konokono huyu hutoboa gamba la chaza na kumnyonya. Baba yetu alikuwa haachi hata mmoja nyuma yake.

Aprili 27. Bamvua

Mvua. Konokono wote wapo. Mayai hakuna. Averil anasema ni mapema.

Mei 2

Naenda Bristol kwa binti yangu, amejifungua. Nimemwachia Hedley ufunguo na maagizo juu ya Keziah, naye ameitikia vizuri mno.

Mei 11

Nimerudi. Mtoto ni wa kike, mnene, anapiga kelele kama kengele ya ukungu. Keziah yuko majini tayari, na chini ya mstari wa maji ana rangi nyekundu mpya. Nilisimama pale gatini nikamtazama Hedley. Akasema ni rangi ya kawaida ya mbao, ya kuziba nyufa tu, mashua ya miaka mia haiwezi kwenda kwenye sherehe ya mashindano ya Agosti na mbao tupu. Anapendeza kwa kweli. Nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Mei 26. Bamvua

Nimeshuka peke yangu, Averil ana mafua. Mwamba unateleza, magoti yangu yanalia, lakini kuna kitu kizuri kule chini wakati maji yamekwisha kupwa. Mto wote uko kimya, unasikia mwani ukitoa mapovu. Nimewahesabu walio na alama yangu nyekundu kama mama anayehesabu watoto baada ya mchezo. Wote wazima. Mayai hakuna.

Juni 10

Tumesugua mashua. Keziah hana hata unywele wa mwani. Nimejisifu mbele ya watu wote kwamba ni nguvu ya mikono yangu. Hedley aliinamisha kichwa akaendelea kusugua; nadhani ni unyenyekevu.

Juni 24. Bamvua

Jambo moja linanikera. Mashua ya Digory Bolitho, Ruby Ann, inakwenda kasi isiyoelezeka. Jana alimpita kila mtu kwenye mashindano ya Jumamosi, na ilipolala ubavu kwenye kona niliona tumbo lake. Linang'aa. Ukiacha Keziah, wengine wote wana ndevu za kijani hata baada ya kusugua. Digory ni mtu wa maneno matamu, kila mtu kwake ni "mzuri wangu", hata mkaguzi wa samaki. Watu wa namna hiyo siwaamini. Na wanasema ana makopo ya zamani ya ile rangi ghalani.

Kwenye mwamba wetu hakuna mayai. Averil anauma midomo na kuandika.

Julai 4

England wamefungwa kwa penalti. Hedley hajala.

Julai 10

Leo nimefanya jambo. Dukani, mbele ya watu, nilimwambia Digory kwamba kiapo cha kanisani si kofia, ya kuvua anapotaka. Nilimwambia kama vitanda vitafungwa Septemba, tujue nani wa kumshukuru. Digory alishika mkate wake, akasema, "Mzuri wangu, una macho makali, lakini leo hayajaangalia mbali." Akalipa akaondoka. Loveday, mkewe, alibaki nyuma kidogo kana kwamba anataka kusema neno, kisha naye akamfuata.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa haki yangu. Nikakata kitunguu cha kujazia pasti za nyama kwa hasira mpaka Averil akaniuliza kimenikosea nini.

Julai 24. Bamvua

Jana Averil alichukua baadhi ya konokono wenye alama, kutoka mwamba wetu na kutoka kwa Digory, akawapasua mezani kwangu. Nilikuwa nimetandika kitambaa cha plastiki. Nilikuwa pia nimechemsha chai, nimekaa na kujiandaa kuona aibu ya Digory kwa macho yangu.

Alianza na wa Digory. Jike, safi. Jike mwingine, safi. Alinisukumia lenzi nikatazama, naye akanionyesha kwa ncha ya sindano, nyuma ya pembe ya kulia: hapana kitu, kama inavyopaswa. Wote walikuwa vile. Nikasema labda lenzi imepata ukungu. Averil akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mzazi wa mtoto mtukutu.

Kisha wetu. Wa kwanza nilimwona hata bila lenzi. Kidudu kidogo, cheupe, kimepinda, pale pasipostahili kuwa na kitu. Wa pili vile vile. Wa tatu mkubwa zaidi.

"Hawa wamekuwa hivi baada ya kufika hapa," Averil alisema. "Aprili walikuwa wazima, Bi Thirza. Kuna mtu amepaka. Karibu sana na huu mwamba. Na amepaka mwaka huu."

Karibu sana na huu mwamba hakuna mashua nyingine. Ni Keziah.

Nilikumbuka rangi nyekundu niliyoisifu. Nikakumbuka tumbo lisilo na unywele, na mimi nikijigamba kwa fagio langu. Nikamkumbuka Digory na mkate wake mkononi. Niliona aibu, na hasira, na zaidi ya yote nilitamani kulia, ila mbele ya Averil sikulia.

Leo asubuhi nimechukua kisahani chenye jike mmoja nikapanda nacho ghala la matanga. Hedley alikuwa anashona tanga kubwa kwa ajili ya sherehe. Nikakiweka kisahani juu ya kitambaa, mbele ya sindano yake.

"Nini hiki?"

"Jike."

Akainama, akatazama, akanyooka. "Mbona ana..."

"Niambie wewe mbona."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni mara moja tu, dada. Makopo mawili yaliyobaki. Nilidhani mashua moja haiwezi kudhuru mto mzima."

"Uliapa. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwako."

"Niliapa. Halafu wale wa ng'ambo wakatupungia mikono, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Keziah ana miaka mia. Nilitaka atangulie mara moja tu kabla hajauzwa."

"Na atauzwa kwa sababu gani, Hedley?"

Akainamia tanga lake.

"Nijibu. Mashua ya babu yetu inauzwa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu chaza hawazai," akasema.

"Na chaza hawazai kwa sababu gani?"

Akafunika uso kwa mikono yake, sindano ikiwa bado kati ya vidole. Sikumwonea huruma. Nilimwambia yote niliyomwambia Digory dukani, neno kwa neno, maana maneno yale yalikuwa yake tangu mwanzo, mimi niliyafikisha kwa mtu mwingine. Kisha nikashuka nikaenda kwa Digory kabla moyo haujapoa.

Loveday ndiye aliyefungua. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na nitaiomba tena dukani mbele ya watu wale wale. Alinishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba. Kando ya ukuta kulikuwa na mafagio, lundo zima, yamelika mpaka yamekuwa vipara. Hawangoji bamvua. Kila siku maji yanapopwa vya kutosha huileta Ruby Ann kwenye kijito chao, na Loveday huingia na viatu vyake virefu mpaka kiunoni, akisugua na kuimba zaburi. Nikamuuliza kwa nini hawakusema.

"Tungesema, mngeiga," Digory alisema kutoka mlangoni. "Kiapo ni kiapo, mzuri wangu, lakini mashindano nayo ni mashindano."

Nikacheka. Sikutegemea kucheka leo.

Julai 25

Nimeomba radhi dukani. Muuza duka alizima redio ili asikie vizuri.

Agosti 3

Joto la kuchoma. Redio inasema nchi nzima haijawahi kuona joto kama hili. Sisi tunakwangua Keziah.

Tumempandisha shambani kwa Hedley, mbali na maji, si kwenye mteremko. Chini tumetandika turubai, mbao tunazilowesha kwanza ili vumbi lisiruke, na kila kinachodondoka tunakikusanya kwenye mapipa. Averil amejifunika pua na mdomo, naye anatukaripia kila tunaposahau kujifunika. Hedley alikuwa amewaambia wenye mashua wote mwenyewe, mmoja mmoja, kwa miguu yake, nyumba kwa nyumba. Wengine walimfungia mlango. Nadhani alitegemea tukwangue sisi wawili tu.

Saa nne hivi Digory alifika na kikwanguo chake. Alichagua upande wa kivuli akaanza kazi. Baada yake akaja Loveday na chai ya baridi, kisha mmoja mmoja wakaja waliofunga milango. Mzee mmoja alimwambia Hedley, "Sijakusamehe, nimekuja kwa ajili ya mashua." Hedley akasema asante kama aliyepewa zawadi. Jioni Keziah alikuwa mbao tupu kuanzia mkuku, uti wake wa chini, hadi mstari wa maji, na sote tulikuwa wekundu kama tumechinja.

Hedley ameniambia mwaka huu hatashika kana. Hastahili. Nikamwambia kwa mara ya kwanza tangu Mei tumekubaliana.

"Nani atashika, basi?"

Nikamwonyesha viganja vyangu vyekundu. Akaelewa, akatabasamu kidogo, akaficha.

Agosti 7. Bamvua

Averil amethibitisha kwamba majike wetu hawatarudi kuwa wazima. Kilichoota kimeota. Watabaki hivyo mpaka wafe. Nilikaa nao pale chini mpaka maji yakaanza kunilowesha visigino. Nikaona jambo ambalo nimekuwa nikiliona kila bamvua bila kulifikiria: katikati ya mto maji bado yalikuwa yanatoka kwenda baharini, lakini hapa kwenye mwamba mwani ulikuwa umekwisha kugeuka, umelala kuelekea juu. Pembezoni maji hurudi mapema.

Agosti 18. Jumamosi, sherehe

Viatu bado vimelowa, naandika hivyo hivyo.

Upepo ulikuwa mdogo, wa kutia wasiwasi. Mashua za ng'ambo zilifika zimepambwa, na jamaa mmoja mwenye kofia ya nahodha aliniuliza kama bibi anajua kana iko upande gani. Nikamwambia iko nyuma, upande atakaoutazama leo mpaka mwisho. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo.

Kutoka mdomoni mwa mto mpaka boya la nje tulikwenda vibaya. Wa ng'ambo walitangulia, Digory akiwa katikati yao, na mimi nyuma. Keziah alikuwa mwepesi mkononi, tumemsugua kila siku tangu tumkwangue, lakini wale watu wanajua kazi. Walipozunguka boya walitupungia, kama kawaida yao. Hedley aliuma tanga, nadhani asije akauma mtu.

Kurudi ndiko kulikoamua. Maji yalikuwa bado yanatoka, na upepo hafifu ulitosha tu kusukumana nayo. Wa ng'ambo wakashika katikati ya mto, kwenye kina, ndiko wanakoona salama. Walikuwa wanakwenda hatua moja mbele, hatua moja nyuma. Mimi nikaisukuma kana, nikaelekeza pua ya Keziah kwenye mwamba.

"Dada," Hedley alisema, polepole, kama anayeongea na farasi aliyeshtuka. "Kule kuna mwamba."

"Nakujua. Nina watu kule. Chukua upondo, upime."

Alikwenda mbele na upondo. Kila mara aliutumbukiza na kunitajia kina, sauti ikipungua kadiri maji yalivyopungua. Niliona mwani chini yetu, umelala kuelekea juu, kama nilivyojua utalala. Na Keziah akabebwa na mkondo. Sijui niseme vipi. Ni kama mtu alikuja nyuma yake akamwekea mkono. Tulipita juu ya mwamba ule kwa kina cha goti la mtu mrefu, na chini yangu, nina hakika, niliona doa jekundu.

Tuliwapita. Wote, mmoja baada ya mwingine, wao wakiwa wamesimama katikati ya mto na matanga yamelegea, sisi tukiteleza pembezoni. Yule wa kofia alitazama mbele tu. Hedley aliuliza kama anaruhusiwa kupunga mkono. Nikamwambia, huyu ni Keziah wa miaka mia, apunge mikono yote miwili.

Digory alikuwa mbele. Naye alikuwa amepita pembezoni, upande wake, kwenye mwamba wake. Alimaliza wa kwanza, mimi wa pili kwa urefu wa mashua moja, na mto wetu ukawa wa kwanza na wa pili, mbao tupu zote mbili, kwa mara ya kwanza tangu kiapo. Watu waliokuwa gatini walipiga sufuria. Kisha Digory akafanya jambo ambalo nitalikumbuka mpaka kufa. Alichukua fagio kipara cha Loveday akalipandisha juu ya mlingoti wa Ruby Ann, pale bendera inapokaa. Hedley hakungoja kuambiwa. La kwetu likapanda. Kisha mashua zote za Lannow, hata zilizomaliza mwisho, fagio juu, zikaingia ndani.

Nimelia leo mbele ya kila mtu, na sijali.

Septemba 6. Bamvua

Loveday alikuja mbio kabla ya chai. Hakuweza kusema, alinivuta tu.

Kwenye mwamba wa Digory, ndani ya ufa, kuna mayai. Yamesimama wima, ya manjano hafifu, kama punje za ngano zilizopandwa kwenye jiwe. Karibu yake kuna majike kadhaa wenye alama yangu ya kucha, wametulia kama wazazi waliochoka. Averil alipiga magoti kwenye maji na suruali yake yote. Alisema hii ni mara ya kwanza kuyaona katika mto huu tangu alipoanza kuja. Kisha akaangalia chini zaidi, akaniita kwa kidole. Pembeni kulikuwa na vifuko vingine vya mayai, vya zamani, vitupu, vimetobolewa juu. Na kwenye mchanga wa ule ufa kulikuwa na konokono wadogo kuliko punje ya mchele, wanatambaa.

Digory alivua kofia. Baba yake naye alikuwa mpondaji mkubwa wa konokono.

Kwetu hakuna kitu. Nimekwenda kutazama hata hivyo.

Septemba 20. Bamvua

Kamati imekuja na mashua yao, wakainua magamba kutoka kitanda cha chini, cha kati na cha juu. Kijiji kizima kilisimama gatini, hata watoto wachanga. Bwana mmoja aligeuza gamba la kwanza, akavaa miwani, akamwita mwenzake. Gamba la pili, la tatu. Hatukuona kitu kutoka pale tuliposimama, tuliona migongo yao tu. Kisha yule bwana akanyanyua gamba juu ya kichwa ili tuone. Lilikuwa limejaa chaza wachanga, kila mmoja sawa na ukucha wa kidole cha mwisho, wanang'aa.

Vitanda havifungwi. Hedley alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Mtu fulani akaenda kupiga kengele ya kanisa, na mchungaji hakumzuia. Bwana wa London nimempigia simu mwenyewe. Nilimwambia Keziah ana kazi.

Jioni Loveday alikuja na chupa ya rangi ya kucha, ya waridi, na ndoo ya konokono kutoka kwenye mwamba wao. Tumewapaka jikoni kwangu, tumewashusha kwenye mwamba wetu kabla maji hayajajaa. Averil anaondoka kesho. Nimemwokea mkate wa zafarani wa kwake peke yake, na nimemwambia beseni la kuogea ni lake wakati wowote.

Oktoba 1. Jumatatu

Siku ya kwanza ya chaza. Ukungu mwembamba, upepo wa kutosha tu. Tuliteremsha wavu wa chuma, Keziah akaukokota polepole kama anavyojua, na tulipoumwaga kwenye ubao wa kuchambulia ulikuwa mzito kuliko nilivyouona kwa miaka mingi. Wakubwa tuliwachukua. Magamba yenye wachanga tuliyarudisha majini, moja moja, kwa heshima.

Kati ya magamba alikuwamo konokono wa mwamba, mkubwa, asiye na alama. Alidondoka sakafuni. Hedley aliinua kiatu, bila kufikiri, kama alivyofundishwa na baba, na mimi nikafungua mdomo. Lakini kiatu kilibaki hewani. Akakirudisha chini pembeni.

"Jike au dume?" akaniuliza.

"Hujui mpaka umpasue."

"Basi abaki na siri yake."

Alimwaga chai yake majini, akachota maji ya mto kwa kikombe kile kile, akamtia ndani, akakiweka mahali penye kivuli. Siku nzima alikuwa anakitazama. Tuliporudi na maji yamepwa, alishuka mwenyewe kwenye mwamba, taratibu, maana magoti yake yamekuwa kama yangu. Nilimwona ameinama, akimtafutia mahali kati ya wale wa waridi, akimhamisha kutoka ufa huu kwenda ule, kama mtu anayepanga viti vya wageni. Kisha akapanda juu, akaja jikoni na kikombe kitupu, akauliza kama imebaki chai.